Mkataba wa Umeme na Mtamba wa Baba

Nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, majirani wa mtaa wetu wa Yoba wanalijua, na mume wangu, mtu wa Uvira, Kongo, anayeuza vitenge sokoni Gitega, huwaambia wateja wake kwamba nyumbani kwake kuna jiko lisilohitaji makaa. Basi msomaji asishangae nikisema kwamba mwaka ule wa mkataba niligombana na karibu kila mtu ninayempenda, na kuliko wote na baba yangu.

Mkataba ulianza kama habari ya redioni tu. Serikali yetu ya Burundi ilikuwa inazungumza na nchi moja kubwa ya mbali juu ya nishati ya nyuklia kwa matumizi ya amani: umeme, matibabu, mafunzo ya vijana. Kwa kuwa nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, mtaa mzima ukaniona kana kwamba mimi ndiye niliyeuandika. Nikitoka kununua mboga za lengalenga nasimamishwa. Huyu anauliza kama ni bomu, yule anauliza kama umeme utakuwa wa bure. Fundi cherehani jirani yetu alinyanyua pasi yake ya makaa akaniuliza mbele za wateja, "Mwalimu, sasa hii pasi ya makala mi niuzishe?" Nikamwambia angoje kwanza, asije akabaki na nguo za watu zimekunjamana.

Niseme wazi nilikuwa upande gani. Niliutaka mkataba ule. Mama yangu alikufa kwa uvimbe wa titi huko Muyinga, baada ya daktari kutuambia kwamba mashine ya kuuchoma kwa mionzi ipo, ila ipo nchi nyingine, na sisi hatukuwa na njia ya kumfikisha. Tangu siku hiyo neno mionzi, linalowatisha wengine, mimi hulisikia tofauti. Lakini pia ni mwalimu, na najua kwamba mtambo wa aina ile unaweza kuwa mkubwa kuliko nyaya za nchi ndogo zinavyoweza kubeba, kwamba kuni zake, yaani urani, zinauzwa na wachache sana duniani, na kwamba majivu yake hayazoleki kama majivu ya jikoni. Anayekujengea, anayekuuzia kuni na anayekuzolea majivu akiwa mtu mmoja, mwenye nyumba ni nani? Swali hilo nililifungia kifuani. Nilidhani nikilitamka nitakuwa nimewageuka wagonjwa.

Halafu mkataba ukaingia ndani ya nyumba yangu. Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ameanza masomo ya uhandisi, alipigiwa simu kwamba amechaguliwa pamoja na vijana wengine wachache kwenda kusoma uhandisi wa nyuklia katika nchi ile, gharama zote juu yao. Wazazi walitakiwa kuja kwenye mkutano hapo Gitega, wasikie maelezo, kisha watie sahihi. Na kijana mwenyewe, akimaliza masomo, angefanya kazi kwa muda mahali ambapo pande mbili zitakubaliana.

Mume wangu alisikiliza akiwa anakunja vitenge, akaacha kukunja.

"Pande mbili ni banani?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao. "Iko siye na bo, ao iko bo na bo?"

"Si sisi na wao. Ni nchi na nchi," nikasema.

"Alors, nchi yetu itamuulizaka nani? Itamuulizaka huyu mutoto?"

Binti alikuwa amekaa mkekani akichambua maharagwe, na hakusema kitu. Mtoto huyu akitaka kitu kidogo hupiga kelele, akitaka kikubwa hunyamaza. Siku ile hata pumzi yake hatukuisikia. Baba yake akachuchumaa mbele yake, akamwita vile Wakongo wanavyowaita binti zao wanapowabembeleza.

"Maman, unataka kuenda?"

"Nataka, Papa," akasema bila kuinua macho. "Nataka sana."

Kwetu jambo la ukubwa huo halikatwi bila babu yake, kwa hiyo ilibidi twende kwa baba yangu Butihinda, huko Muyinga. Safari ilikawia kwa sababu mafuta hayakupatikana. Magari yalipanga foleni kituoni, madereva wakisinzia ndani, na kila mtu akimuuliza mwenzake malori ya mafuta yamefika wapi. Nilisimama pale na kikapu changu nikijisemea kwamba watu wanaogopa mkataba utatunyang'anya uhuru, na uhuru wenyewe muda huu uko ndani ya tangi la mtu mwingine, ng'ambo ya mpaka. Nilikasirika peke yangu mpaka muuza ndizi akaniuliza kama ninaumwa.

Baba yangu alikimbilia Tanzania akiwa kijana, akaoa huko na kutuzaa huko, kambini. Ndiyo maana Kiswahili chake ni cha kule mpaka leo. Aliporudi Butihinda alipata nusu ya shamba la wazazi wake, na kwa nusu hiyo hushukuru kila siku. Ni mtu mkaidi. Hasira zangu nimezirithi kwake, ila zake hazina sauti. Yeye hupunguza maneno, anayapunguza tena, mpaka yanaisha kabisa na unabaki unatazamana na ukuta.

Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Nilimweleza kila kitu, kuanzia redioni hadi simu. Alisikiliza bila kuacha kukata.

"Wanasomesha bure?"

"Bure, Baba. Na chakula, na malazi."

"Na wao wanataka nini?"

Nikaanza kumweleza habari za ushirikiano, urafiki wa mataifa, masoko ya baadaye. Nilijisikia nasoma kitabu cha wengine. Akaniacha nimalize, kisha akaweka panga chini.

"Hapana. Mjukuu wangu haendi kuwa umugabire wa mtu."

Kwa mtu wa kwetu neno hilo linatosha, lakini nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, katika desturi tunayoiita ubugabire, hakupi ng'ombe peke yake. Mnakaa, pombe ya ndizi inaletwa, mashahidi wanasikia maneno mazuri, na ng'ombe anaingia zizini kwako. Maziwa ni yako na samadi ni yako. Ila tangu siku hiyo wewe ni umugabire, mtu wa yule aliyekupa. Akijenga rugo, yaani ua wa nyumba, unakwenda kumsaidia, akifiwa unatangulia kufika, na akisema jambo mbele za watu humpingi. Hakuna anayekukataza, unajikataza mwenyewe. Mnakaa hivyo mpaka ng'ombe azae na wewe umpelekee mtamba, yaani ndama jike aliyekwisha kukua. Hiyo ndiyo kwitura. Urafiki haufi baada ya hapo, lakini mdomo wako unarudi kuwa wako.

"Unamkumbuka yule tajiri wa juu kilimani," Baba akasema. "Tuliporudi kutoka Tanzania hatukuwa na hata kuku. Akanipa ng'ombe. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nyinyi mlikunywa maziwa, migomba ikafufuka kwa samadi ile. Halafu akageuza mfereji wa bondeni, maji yote yakaenda kwenye mpunga wake. Kukawa na mkutano wa watu wa kilima chetu. Watu wote wakanitazama mimi, kwa sababu shamba langu ndilo lililokauka kwanza. Nikakaa kimya."

"Baba, hilo lilishapita."

"Nilikaa kimya misimu mingi, mwanangu. Mama yako alikuwa ananiuliza jioni, leo umesema? Namwambia bado. Mpaka ng'ombe alipozaa jike, akakua, nikampeleka. Mkutano uliofuata nikasimama nikasema. Tukarudishiwa maji, si yote, lakini tukarudishiwa. Sasa wewe unaniambia nchi nzima ipewe ng'ombe na mtu anayekaa mbali kuliko macho yangu yanavyoweza kuona."

"Unamlinganisha mtoto wangu na ng'ombe?"

"Sijamlinganisha na ng'ombe. Nimemlinganisha na mimi."

Hapo ningenyamaza ingekuwa heri, lakini nimeshasema mimi ni mtu wa namna gani. Nilisimama nikamwambia kwa sauti iliyofika kwa jirani: na Mama je? Mama aliyekuwa anakuuliza kila jioni, alikufa na mdomo wetu ukiwa wetu, mkataba hatuna, mashine hatuna, ila mdomo tunao. Huo mdomo ulimsaidia nini?

Mume wangu alinishika mkono. Binti alitoka akaenda kusimama karibu na zizi. Baba hakupandisha sauti.

"Usidhani hilo sijalifikiria," akasema. "Siku zile wangeniambia, mzee, mashine hii hapa, mkeo atapona, ila hutasema neno tena maisha yako yote, ningeshukuru na ningepiga magoti. Ndiyo sababu naogopa. Mwenye mgonjwa ndani hasomi masharti."

Nilikaa, na nililia kidogo, nikiwa bado nimemkasirikia. Baadaye, tulipokuwa tunaagana, alisema jambo moja tu: mkutano wa wazazi ni lini, kwa sababu na yeye atakuja.

Siku ya mkutano tulikaa ukumbini mapema, wazazi wote tukiwa tumevaa vizuri kama watu wa harusi. Mbele alikaa mama mmoja wa serikalini aliyekuwa kwenye mazungumzo ya mkataba, na pembeni yake mgeni wa suti kutoka nchi ile, na mkalimani wake wa Kiswahili. Kiti nilichomwekea Baba kilikuwa kitupu. Nilishaanza kuudhika. Kisha nikasikia, nje ya dirisha, ng'ombe analia.

Tulitoka. Lori la ndizi lililomleta Baba kutoka Muyinga lilikuwa linageuza langoni, na mwenyewe amesimama uani kwa koti lake la kanisani, kofia kichwani, mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba mtamba mwekundu mwenye afya. Mgeni alifurahi sana. Alitoa simu akapiga picha, akajipanga karibu na mtamba ili na yeye apigwe. Kila mtu wa kwetu pale uani alikuwa ameshaelewa Baba amekuja kufanya nini.

"Nimesikia mmeamua kutupatia," Baba akasema kwa Kirundi cha heshima, kile cha kutolea ng'ombe, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mkwe wake asikie. "Kabla hamjatupatia, mimi natangulia. Ng'ombe huyu ni wenu."

Mkalimani akageuka kwa mgeni akamwambia kwamba mzee amewaletea zawadi. Mgeni akanyoosha mkono kupokea kamba, na mama yule wa serikalini akaruka mbele kwa kasi ambayo viatu vyake havikuitarajia.

"Subiri! Subiri kwanza." Akamgeukia Baba, akashusha sauti. "Mzee, unajua unachofanya."

"Najua, mama. Na wewe unajua. Asiyejua ni yeye tu."

Mama yule alikuwa amebanwa kweli. Mgeni akipokea kamba ile mbele ya mashahidi wote wale, basi kwa desturi amekuwa umugabire wa mzee wa Butihinda, yeye na nchi yake. Akikataa, amemtusi mzee. Wazazi walianza kucheka, kwanza chini chini, na mume wangu akashindwa kujizuia.

"Papa, ukimupatia hii ngombe, atatoka kwabo kuya kukujengea rugo? Na hii costume yake?"

Hapo uani pote pakalipuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba nafasi ya mwanangu imekwisha, imeliwa na ng'ombe. Nilimtafuta kwa macho nikamkuta anamtazama babu yake, na uso wake ulikuwa hauna aibu hata kidogo.

Mgeni aliuliza tunachekea nini. Alipoelezwa kwamba zawadi ya namna hii huwa na uzito, akamwambia mkalimani aulize: mzee anataka nini badala yake?

"Mwambie," Baba akajibu, "hilo ndilo swali langu mimi kwake."

Mkalimani alitafsiri. Mgeni aliacha kutabasamu, akaingiza simu mfukoni. Kisha, na kwa hili nampa haki yake, akasema turudi ndani, swali hilo ndilo lianze. Mtamba akafungwa kwenye mti karibu na lango, na lori likaondoka zake.

Baba aliuliza kama mtu anayekagua ng'ombe. Majani yatatoka kwa nani? Samadi itabaki kwa nani? Na kwitura ni lini, maana mpaka sasa hakuna aliyemtajia siku ambayo tutakuwa tumemaliza kushukuru. Watu walicheka tena, lakini mama wa serikalini hakucheka. Alijibu moja moja, na nilimpenda tangu hapo kwa sababu hakutufunika macho.

"Mzee, ng'ombe mwenyewe bado hajaja," akasema. "Mtambo haumo katika karatasi hizi. Mtambo ukija utakuwa na mkataba wake, na utapita kwa wabunge. Kilichomo sasa ni kusomesha hawa vijana, kutusaidia kuandika sheria zetu za usalama, na kuandaa matibabu ya mionzi hospitalini. Kwa hiyo majani na samadi, yaani urani na majivu yake, hatujafika huko. Tukifika, maswali yako ni haya haya."

Nilikuwa nimekuja kuutetea mkataba. Nilikuwa hata nimejiandaa cha kusema. Niliposimama, kilichonitoka kikawa kile nilichokuwa nimekifungia.

"Na siku tukitaka kusema hapana? Wakitujengea wao, wakatuuzia kuni wao, wakaendesha wao, tutasema hapana mbele ya nani? Nani atatusikia tukiwa gizani?"

Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa ukumbi ule. Mama yule alinigeukia.

"Kuna kipengele cha kujitoa," akasema. "Lakini nitakuambia ukweli, Mwalimu. Kipengele kina nguvu za watu waliokaa mezani, hakina zaidi. Tulipokuwa tunazungumza, upande wao benchi zima lilikuwa la wahandisi. Upande wetu tulikuwa wanasheria. Wakitaja jambo la kitaalamu, sisi tulikuwa tunatazamana."

Alisema hivyo mbele ya mgeni, na mgeni hakupinga. Ndipo binti yangu, ambaye tangu Butihinda alikuwa hajasema la maana mbele ya mtu, akasimama.

"Babu," akasema, "siku ya ule mkutano wa kilima, ulipokaa kimya, wewe ulikuwa unajua kwamba mfereji umegeuzwa?"

"Nilijua. Nilikwenda nikauona kwa macho yangu."

"Ndiyo maana ukimya ulikuuma. Na siku ulipopata mdomo wako ulikuwa na la kusema. Sisi hata tukibaki na midomo yetu yote, tutasema nini, Babu? Mfereji huu hakuna anayeuona. Wanaweza kuugeuza mbele yetu na sisi tukawashukuru. Niache niende nikajifunze kuuona."

Nilimfundisha fizikia mtoto yule mwenyewe, kwenye meza ya kulia chakula, na sikuwahi kufikiri jambo hilo. Moyo ulinijaa. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa anajifuta macho kwa kipande cha kitenge, sampuli ya dukani, bila kujali nani anamwona.

Baba hakulainika haraka. Alimuuliza mbele za watu, kama vile wamebaki wawili.

"Wakikuambia usirudi?"

"Nitarudi."

"Wakikuambia unyamaze? Wao ndio wanaokulisha, wao ndio wanaokulaza."

Tulitegemea aseme hatanyamaza. Angekuwa mtu mwingine angesema hivyo, na tungepiga makofi.

"Hilo sijui, Babu," akasema. "Nitaogopa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Nadhani angejibu vingine, mzee asingekubali. Alituambia, "Tieni sahihi," na mimi na mume wangu tukaenda mbele. Pale penye maneno ya mahali ambapo pande mbili zitakubaliana, mume wangu aliomba ruhusa kuandika pembeni kwamba sisi wazazi tunaomba iwe Burundi kwanza. Mama wa serikalini alimpa kalamu yake mwenyewe. Wazazi wengine walipoona, wakaandika vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na mkutano ukarefuka mpaka watu wakaanza kulalamika njaa. Sijui kama ni maandishi yetu yaliyofanya kazi, lakini karatasi waliyopewa vijana siku ya kuondoka ilisema kwamba kazi yao ya kwanza itakuwa nyumbani, endapo kazi hiyo ipo. Maneno ya mwisho yale mume wangu hakuyapenda. Alisema basi sasa ni juu yetu iwepo.

Mtamba hakupokelewa, kwa heshima zote. Kwa kuwa lori lilikuwa limeondoka, alikuja kukaa Yoba kwetu, akala matembele ya jirani yote na nusu ya ukuta wa nyasi wa choo, mpaka tulipopata gari la kumrudisha Muyinga. Baba alisafiri naye. Alisema safari haikuwa ya bure, ingawa nauli aliilalamikia kwa muda mrefu sana.

Binti akaondoka. Nyumba ilipoa vibaya. Mimi niliendelea kufundisha, umeme ukaendelea kukatika, na watu wa mtaani wakaendelea kuniuliza mtambo unakuja lini, nami nikawa nawajibu kwa urefu, hata walipokuwa wameshachoka kusikiliza. Nilikuwa natumaini na naogopa, vyote kwa pamoja, na nadhani ndivyo mtu mzima anavyopaswa kuutazama mkataba wa nchi yake. Ila hofu yangu kubwa haikuwa ya nchi. Niliogopa kwamba mtoto atakayenirudia atakuwa amefundishwa kushukuru tu.

Likizo ya shule niliipitisha Butihinda. Asubuhi moja simu iliita tukiwa tunamenya mihogo mbele ya nyumba, na alikuwa yeye. Niliweka spika ili babu yake asikie. Alianza kutuambia habari za baridi na chakula, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye jambo, na mwisho akalitoa.

Jana yake walikuwa na somo juu ya ununuzi wa urani. Profesa alifika mahali akawaambia wanafunzi wa nchi ndogo kwamba sura ile hawana haja ya kuhangaika nayo, kwa sababu muuzaji hushughulikia kila kitu. Wenzake walifunga vitabu. Yeye, alivyotuambia, aliwaza habari ya chakula anacholishwa na kitanda anacholalia, na mambo mengine mengi. Kisha akanyoosha mkono akauliza: na muuzaji akiamua kutouza?

"Darasa lote likageuka kunitazama, Mama. Profesa hakufurahi. Ila amesema wiki ijayo atafundisha sura yote, na mimi ndiye nianze, na swali hilo hilo."

Baba alikuwa ameshika muhogo na kisu, vyote vimesimama hewani.

"Uliogopa?" akauliza.

"Niliogopa, Babu."

"Uliuliza umekaa au umesimama?"

"Nilisimama."

Baba aliweka kisu chini taratibu, akavua kofia, akafunika uso wake nayo. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Mimi nilimshika bega kwa furaha, na simu tukaisahau kando ya mihogo.

"Halo?" binti akasema. "Halo? Mama? Bado mnanisikia?"

"Tunakusikia," nikasema. "Endelea."